Furu wa Jiwe Langu

Shule niliishia darasa la tano, na hilo la tano lenyewe nilisoma nusu. Operesheni ya vijiji ilipofika kwetu tulihamishwa sisi, shule ikabaki kule. Kijiji kipya kilikuwa na ubao na mlingoti wa bendera, lakini mwalimu alikuwa bado njiani. Nadhani mpaka leo yuko njiani. Ndiyo maana mambo mengi nayajua mwanzo wake tu. Vita vya Majimaji najua vilivyoanza, nani alishinda sikufika hapo. Na msinionee huruma, kwa sababu nilikuwa tayari na ndevu kadhaa na nilikaa dawati la nyuma nikiwaficha wenzangu jua.

Kitu kimoja tu nilisoma mpaka mwisho, nacho ni furu wa mawe. Mwalimu wangu alikuwa mjomba, kaka yake mama, mzee wa Kizinza aliyekuwa na magoti mabovu na sauti ya kufukuzia tumbili.

Watu wanamjua yule furu mwingine, wa kijivu, wa matopeni, anayeuzwa mafungu sokoni akiwa mkavu kama ganda la mhindi. Wa mawe ni mwingine kabisa. Huyu anakaa kwenye miamba tu, kwenye nyufa, mahali maji ni baridi na safi, na haondoki. Furu wa jiwe hili hamjui furu wa jiwe lile. Dume ana rangi ya buluu kama shati la mtu wa posta. Jike kwenye jiwe letu alikuwa wa rangi ya chungwa mwenye madoa meusi, kama chungwa lililomwagikiwa wino, na hakuna wawili waliofanana madoa. Jiwe la jirani, mwendo mfupi tu kwa mtumbwi, majike yake hayakuwa na doa hata moja. Nimewahi kumwuliza mjomba kwa nini. Akaniuliza kwa nini mimi nina masikio makubwa na ndugu zangu hawana. Somo likaisha.

Kuvua furu wa mawe hakutaki wavu. Wavu unachanika kwenye jiwe siku ya kwanza. Unaingia majini alfajiri mpaka kifuani, meno yakigongana, unapanda juu ya mwamba, unalala kifudifudi, unashusha mshipi kwenye ufa ukiwa umeuzungusha kidoleni. Hapo unatulia. Mimi kutulia kulinishinda kila mahali, kanisani, shuleni, hata msibani, lakini juu ya lile jiwe niliweza.

Na kuna hili moja ambalo ndilo la maana kuliko yote. Furu jike anatunza watoto mdomoni. Mayai anayaweka mdomoni, yanaanguliwa mdomoni, na vitoto vikitishwa na kitu vinakimbilia humo humo. Muda wote huo mama hali. Angekula angemeza wanawe. Kwa hiyo mama mwenye watoto hashiki ndoana, hata umwekee mnyoo mnono namna gani puani. Unamwona chini pale, kidevu kimemvimba, anakutazama tu. Mjomba alisema ndiyo sababu babu yake alivua hapo, na yeye akavua hapo, na jiwe halikuisha. Ndoana ilikuwa inatuchagulia.

Jiwe halikuwa la kila mtu. Kwetu, mtu alikuwa na jiwe lake kama alivyo na mgomba wake. Mjomba hakuwa na mtoto wa kiume anayependa maji, na magoti yalipogoma kabisa aliniita akanipa mimi. Hakukuwa na sherehe. Alinipa mshipi wake akaniambia nisionyeshe mtu mahali pa kupandia.

Sasa fikirieni wakati wenyewe. Tumehamishwa, nyumba zimepangwa mistari miwili kando ya barabara kama askari. Migomba yetu imebaki kule porini inaliwa na ngedere. Shamba ni la kijiji, jembe unalala nalo lakini asubuhi linakwenda shamba la kijiji, duka ni la kijiji. Sisemi ilikuwa mbaya yote. Tulicheka sana, na nilikula ugali wa watu wengi. Lakini ukiniuliza wakati ule nini changu, mimi kama mimi, ningekujibu jiwe. Kamati ilipopita kupima vitu ilipima nchi kavu. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa mtu wa bara, akiyaona maji yamefika magotini anaanza kusali.

Safu ya pili, nyumba ya kukabiliana na yetu, waliwekwa watu waliotokea Nyabusozi. Asili yao Shinyanga, wafugaji, walifuata majani na ng'ombe wao miaka ya nyuma. Kijana wao alikuwa rika langu. Mrefu, mpole, anacheka taratibu kama mtu anayekwangua chungu. Maji aliyaogopa kama mwenyekiti. Mimi ng'ombe niliwaogopa, tena ng'ombe walilijua hilo. Siku ya kwanza tu dume lao lilinifukuza mpaka nikaingia jikoni kwa mama yake, nikasema shikamoo nikiwa nimebeba mwiko. Akaitika marahaba, akaendelea kupepeta mtama. Mwanawe alicheka mpaka akakaa chini. Tukawa marafiki hapo hapo.

Alinifundisha kukamua. Nilimfundisha kuogelea, na alikunywa maji mengi sana kabla hajajua. Tulilima pamoja, tulikwepa kulima pamoja. Akiulizwa na kamati nilipo alikuwa anasema naumwa tumbo, nami nikiulizwa yeye nasema anaumwa kichwa, mpaka mwenyekiti akasema sisi wawili tukiunganishwa tunapata maiti mmoja kamili.

Basi tukanywana. Kwa asiyejua, kunywana ni undugu wa damu. Mnachanjwa kidogo kwa wembe karibu na kitovu, mnachukua punje mbili za kahawa zilizokaa ndani ya tunda moja, kila mmoja anapaka yake damu, anamlisha mwenzake. Kuanzia hapo mnaitana munywani, na mna haki zenu. Nyumba yake yako. Chakula chake chako. Akija kwako hata mmegombana unamlaza kitandani wewe unalala chini. Mjomba ndiye aliyeshika wembe. Mimi nilipoona damu niliishiwa nguvu nikaanguka. Punje nililishwa nikiwa nimelala chali. Kwa miaka mingi munywani wangu aliisimulia habari hiyo kila palipo na kikundi cha watu, nami nilikuwa naiongezea chumvi.

Wiki ile ile nilimpeleka kwenye jiwe. Sikuona ubaya. Ningemficha vipi mtu aliyemeza damu yangu? Nilimwonyesha mahali pa kukanyaga, nilimwonyesha akina mama wenye videvu vimevimba, nikamweleza habari ya ndoana. Alilala juu ya mwamba akitazama chini muda mrefu. Akasema hawa ni kama ndama wetu, unawajua mmoja mmoja. Nilifurahi. Niliona amelielewa jiwe kuliko ndugu zangu wenyewe wa tumbo moja.

Vita vya Kagera vilipokuja, vijana wa mgambo waliitwa. Mimi nilijipanga mstarini kifua mbele, nikijiona tayari nimevaa kombati. Bwana afya aliniambia nivue suruali nikohoe. Nikakohoa. Akaniambia nina ngiri, nirudi nyumbani. Kwa hiyo mchango wangu katika kumwondoa nduli ulikuwa kikohozi kimoja. Munywani wangu alichukuliwa. Siku ya kupanda lori nilimpa ndoana mbili azitie mfukoni, eti akifika mtoni Kagera avue. Alicheka kile kicheko chake cha polepole. Mama yake hakucheka.

Muda wote alipokuwa vitani nilimkamulia ng'ombe wao, mimi ninayeogopa ng'ombe. Nilipigwa mateke mahali ambapo bwana afya angepaandikia kitabu. Na kila nilipotoka jiweni nilipita kwao kwanza, namwachia mama yake furu wa kutosha mboga, halafu ndiyo nakwenda kwetu.

Alirudi. Kijiji kizima kilimpokea, yeye na wenzake waliorudi naye. Alikuwa amekonda na amekuwa mkubwa, sijui mambo hayo mawili yanakaaje pamoja, lakini ndivyo. Tulikumbatiana. Alikuwa na mkoba wa turubai asiouweka chini. Nilimtania kwamba ameleta kichwa cha adui, akasema ni nguo. Nilimwambia kesho twende jiweni, akasema amechoka, twende siku nyingine.

Mwenyekiti alitangaza karamu ya kuwashukuru mashujaa. Ng'ombe wa kijiji walikuwa wachache na vitabu vya hesabu yao vigumu, kwa hiyo alitaka samaki, samaki wengi, ili wakubwa wa wilaya wakija waone kijiji cha ujamaa kinachokula. Aliniuliza mimi, maana alijua navua. Nilimwambia kwa ndoana siwezi kulisha kijiji, labda nianze mwaka jana. Akaniambia basi nisijali, jambo hilo limeshapata mtu.

Siku ya karamu nilikuwa kwenye kiwango changu cha juu. Rubisi, pombe yetu ya ndizi, ilikuwepo. Nilisimama nikawaiga wageni wa wilaya wanavyotembea, nikaiga mwenyekiti akivuka kijito. Watu walilia kwa kicheko. Chakula kikaja, ugali wa muhogo na samaki wa mchuzi kwenye mabakuli makubwa. Mimi napenda kichwa. Kichwa cha samaki ukinipa, minofu wape watoto. Nilikula kimoja, nikasifu wapishi, nikaomba cha pili, na munywani wangu mwenyewe ndiye aliyenisogezea bakuli.

Kwenye kile cha pili nilihisi punjepunje ulimini. Nikasema kwa sauti, wapishi, nani ametia mtama kwenye samaki? Watu wakacheka. Nikatoa kimoja kidoleni nikakitazama. Kilikuwa na macho mawili.

Nilikaa nacho pale kidoleni. Watu waliendelea kucheka, wakidhani naandaa kichekesho. Nikachukua kile kichwa nikakifungua taya. Mdomo ulikuwa umejaa. Nikageuza samaki waliobaki kwenye bakuli, na chini ya mchuzi, pale ngozi ilipokuwa haijachunika, nikaona madoa meusi.

Mama mwenye watoto hashiki ndoana. Wavu haufiki kwenye zile nyufa. Niliinuka nikaondoka, na nyuma yangu mtu mmoja akasema rubisi imemshinda, wakacheka tena.

Kwenye jiwe harufu ilinipokea kabla sijafika. Sikuhitaji kuingia mpaka kifuani. Kipande cha mwamba, upande wa kupandia, kilikuwa kimevunjika, weupe wa ndani unaonekana kama jino. Samaki ambao hawakufaa kuokotwa walikuwa wamenasa kwenye matete, wengine wakubwa wamepasuka, lakini wengi walikuwa wadogo, wadogo wasio na kazi kwa mtu yeyote. Nilipanda nikalala kifudifudi kama siku zote. Nikatazama kwenye ufa. Maji yalikuwa meupe kama maziwa. Nilikaa mpaka yakatulia kidogo, nikaona hakuna kitu. Hata dume mmoja wa kukifukuza kivuli changu. Kilikuja kilio cha ajabu, cha kwikwi, kama mtoto aliyenyimwa.

Nilimkuta kwao jioni hiyo hiyo, anamwagia ndama maji. Ule mkoba wa turubai ulikuwa umetundikwa ukutani, umenywea.

"Munywani," nikamwambia, "ulilipiga jiwe langu bomu?"

Hakukana. Hilo nampa. Aliweka ndoo chini.

"Jiwe lako," akasema. "Hebu nionyeshe kitu kimoja kijiji hiki ambacho ni chako."

"Nilikuonyesha wewe peke yako."

"Ulinionyesha. Sasa ulinionyesha ili iweje? Nilitazame?"

Nikamwambia habari ya akina mama, kwamba anaijua, kwamba nilimweleza akiwa amelala pale pale juu ya mwamba. Sauti yangu ilikuwa inapanda kama ya mjomba. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema kitu ambacho hata leo nikikikumbuka nikiwa nakula nasukuma sahani.

"Samaki ni samaki, munywani. Mbona uliomba kichwa cha pili?"

Nilikwenda kwa mjomba. Nilimsalimia, akaitika, akaniambia nikae. Mlio aliusikia kabla ya karamu, akadhani ngurumo, akashangaa mvua haikuja. Nilimweleza yote. Nilitaka asimame, achukue fimbo, awaite wazee, amwapize. Nilitaka nione mtu mwenye hasira kuliko mimi ili mimi nipumzike. Alijisugua goti.

"Ulimwonyesha nani mwingine?"

"Yeye tu, mjomba. Munywani wangu."

"Basi hatujaibiwa," akasema. "Munywani wako amechukua kilicho chako. Wembe niliushika mimi mwenyewe. Hapo huna kesi, mwanangu."

Ndivyo nilivyojikuta. Kwa sheria ya mwenyekiti jiwe lilikuwa la kijiji, na kwa sheria ya mjomba lilikuwa la munywani. Nilizunguka kote sikupata hata mtu mmoja wa kuniambia nimeonewa. Hata nduli alipewa walau redio ya kujitetea.

Mjomba hakunilaumu. Afadhali angenilaumu. Alianza tu kuniuliza, kila nilipokwenda kumsalimia, kama nimepita jiweni, nami nasema nimepita, naye anauliza vipi, nami nasema bado. Mpaka akaacha kuuliza.

Wanawake walisema anayemtenda munywani wake vibaya huvimba tumbo. Nikasubiri. Kwa kweli nilisubiri kwa moyo mmoja, na kila asubuhi nilichungulia ng'ambo ya barabara kumtazama kiuno. Na tumbo likavimba kweli. Baada ya ile karamu mwenyekiti alimpa kusimamia duka la kijiji, akawa analala karibu na sukari. Tumbo likavimba la afya kabisa, likang'aa. Nikaona kukaa pale nikipima tumbo la mtu si maisha. Nikafunga nguo zangu nikaenda Ngara.

Ngara nilikuwa fundi baiskeli. Nilijifunza kwa kuharibu za watu, nao walinivumilia kwa sababu nawachekesha. Wahangaza ni watu wa maharage na ndizi, ziwa wanalisikia tu, na samaki akifika huko amefika kwenye gunia, mkavu, hana historia. Ilinifaa. Nilioa huko huko. Mke wangu sikumwambia habari ya jiwe. Nilimwambia tu sipendi samaki, akashangaa, mtu wa ziwa.

Mjomba alifariki nikiwa huko. Habari ilinifikia wameshazika. Walioleta habari walisema munywani wangu ndiye aliyechimba kaburi, kwa niaba yangu, kama inavyotakiwa. Sikujua nishukuru au nitapike.

Halafu siku moja alasiri alishuka kwenye lori la mizigo. Nilikuwa nimepindua baiskeli ya katekista, mikono yote grisi. Nilimtambua kwa urefu. Tumbo lilikuwa limepungua, duka la kijiji lilikuwa limebaki chumvi na viberiti kama maduka yote wakati huo. Alisimama kando ya banda langu akasema hodi, kama banda lina mlango.

Nilimkaribisha. Ningefanya nini? Mke wangu alichinja... hapana, hatukuwa na cha kuchinja, alipika maharage na ndizi. Nikamwambia mke wangu huyu ni munywani wangu, naye binti wa huko akajua maana yake, akatoa shuka yetu nzuri akatandika kitanda. Sisi tungelala kwenye mkeka. Mgeni alikula kwa adabu. Alitusimulia habari za kule, nani kafa, nani kaoa, mama yake anavyonisalimia na kuuliza kama ng'ombe ninawaogopa bado. Mke wangu alicheka. Alimsimulia hata nilivyoanguka siku ya kuchanjwa, na nilisubiri niiongezee chumvi kama zamani, nikaona ulimi umelala.

Mke wangu alipotoka kufuata maji ya kunawa, mgeni akanisogelea.

"Wamerudi," akasema.

"Akina nani?"

"Wale wa madoa. Nimewaona kwenye ufa, na mama mmoja kidevu kimemvimba. Sijamwambia mtu. Nimekuja kukwambia wewe kwanza."

Alinitazama kama mtu aliyeleta zawadi ya mbali na anasubiri uifungue. Miguu yangu, nawaambia ukweli, ilianza kusikia baridi ya yale maji pale pale chini ya meza. Nilitaka kumwuliza ni wangapi. Nilitaka kuuliza madume wapo, wana ile buluu, na mahali pa kupandia pamekuwaje. Maswali yalinijaa. Lakini kila swali nililolishika niliona jibu lake litatoka mdomoni mwake tu, hakuna mtu mwingine duniani wa kumwuliza. Mjomba ameshalala. Nikisema niambie, nimemwamini tena.

"Utakuja?" akauliza.

Nilichukua upawa, nikamwongezea.

"Kula, munywani," nikamwambia. "Maharage yanapoa."